Mama wa Ng'ambo Apiga Simu

Mteja akishaanza kupima madirisha, kazi ya dalali imekwisha. Hayo ni maneno ya dalali mmoja ambaye mji mzima ulimwita Niko Njiani, kwa kuwa ndilo jibu alilowapa wateja wake wote, hata akiwa kitandani anakata kucha.

Siku hiyo alikuwa akimwonyesha mshonaji mmoja nyumba ya vyumba viwili. Walipofika sebuleni, mshonaji akavua utepe wake shingoni, akapima dirisha, akasema peke yake, "Mita mbili kasoro. Kitambaa ninacho." Dalali akameza mate. Muuzaji alitaka milioni ishirini. Palepale zikawa thelathini.

"Fanya haraka, dada yangu. Kuna mama wa ng'ambo anaitaka hii nyumba kufa na kupona, na analipa taslimu."

Huyo mama hakuwapo. Alizaliwa kinywani mwa dalali miaka mingi iliyopita, na alikwisha kugombea nusu ya nyumba za mji ule bila kununua hata choo. Lakini mshonaji aliingiwa na hofu, akatoa milioni mbili za kishika nyumba, ili asiuziwe mwingine, akapewa risiti. Tangu saa ile simu zake hazikupokelewa tena.

Alipiga asubuhi, akapiga mchana. Akaandika, "Kaka, mkataba lini?" Jibu likaja moja tu: "Niko njiani." Wiki tatu! Hata konokono angekuwa ameshafika na kuagiza chai. Na chumba alichopanga kilitakiwa mwisho wa mwezi. Mwenye chumba alikwisha kuleta makopo ya rangi, ameyapanga mlangoni.

"Shangazi, nitalala barazani na cherehani yangu," mshonaji alilia. Alilia kweli, kwa kwikwi.

Shangazi yake alikuwa amepokea simu za hoteli kwa miaka ishirini na saba, na hakuna uongo wa mjini ambao haukupita sikioni mwake. "Muuzaji umewahi kumwona?"

"Hapana. Naambiwa ni mgonjwa, hataki wageni."

"Ahaa! Hapo pana cha juu, mwanangu. Ameongeza bei yake juu ya bei ya mwenyewe, ndiyo maana anawaficha msionane. Mkisalimiana tu, kimemponyoka. Nipe simu. Siyo yako, yako anaijua. Kaazime ya jirani."

Dalali alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Halo," alisema Shangazi kwa sauti yake ya kazini. "Mimi ndiye yule mama wa ng'ambo. Nasikia unanitaja sana."

Dalali akakaa chini. Mtu mwenye haya angekata simu. Lakini tamaa haina haya, na mwongo akiukuta uongo wake una pesa, huuamkia.

"Shikamoo, mama! Nakutaja kwa mema tu!"

"Marahaba. Nalipa yote kesho saa nne, hapa nilipofikia, hoteli kubwa ya mjini. Namtaka muuzaji mbele ya macho yangu, na hati mkononi. Nimeshalizwa mara mbili mimi."

"Niko njiani, mama!" Na kwa mara ya kwanza maishani mwake, ilikuwa kweli.

Alikodi gari, akavaa tai, akaenda kumchukua muuzaji, seremala mzee mwenye afya yake kamili. "Mzee wangu, mambo ya bei niachie mimi," alimwagiza njiani. "Ukiulizwa, wewe kohoa."

Hotelini Shangazi alikaa na miwani myeusi, hacheki. Kabla dalali hajamaliza kuinama, mshonaji akatokea nyuma ya nguzo, utepe shingoni.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyetoa kishika nyumba. Unauza kiasi gani?"

Mzee akakohoa. Kisha akauona utepe. "Kumbe wewe ndiye uliyepima madirisha yangu! Jirani aliniambia. Niliyachonga mwenyewe, binti yangu. Nauza ishirini."

"Mimi nimeambiwa thelathini."

Kikohozi kikapona palepale.

"Hapa pana kutoelewana kidogo," dalali alianza.

"Kaa chini!" alisema mzee.

Wakili wa Shangazi, aliyekuwa meza ya pili na kikombe chake, akasogeza kiti na kutoa mkataba. Shangazi akaweka risiti mezani. "Hii tuisomee hapa, au polisi?" Dalali akarudisha milioni mbili kwa simu ileile isiyopokelewa. Mshonaji akatia saini, akalia tena, safari hii akicheka.

Nje dereva wa gari la kukodi alikuwa akipiga honi, anataka chake. Dalali akamsogelea mzee, ambaye tayari alikuwa akimweleza mshonaji dirisha lipi hukwama wakati wa mvua.

"Mzee wangu, na ada yangu ya udalali?"

Mzee hakugeuka. "Iko njiani, mwanangu."