Nani Ataendesha Pikapu ya Baba

Jumatatu, 3 Juni
Baba kakatazwa kuendesha gari. Daktari wa macho kasema basi. Wakati wa chakula Baba katangaza kwamba pikapu, ambayo ndiyo miguu ya kazi yetu ya kukodisha viti na meza, itaendeshwa na atakayetangulia kupata leseni kati yangu na mdogo wangu wa kike. Atakayechelewa atabeba viti. Kati yangu na yeye! Mimi nina miaka kumi na tisa, yeye katimiza kumi na minane juzi tu. Mzaliwa wa kwanza ni nani katika nyumba hii? Nimeuliza. Mama kaniambia nimalize kula. Nimekasirika hadi chakula kikanikwama kooni. Sahani ya pili ndiyo iliyopita vizuri.

Jumatano, 5 Juni
Ofisi ya leseni. Kabla hujafundishwa lazima uwe na leseni ya kujifunzia. Karani kaikataa picha yangu, eti nimevaa miwani ya jua. Nimemweleza kwamba dereva hukutana na jua. Hakucheka, na mimi sikuwa natania. Picha ya mdogo wangu kaipokea bila hata kuinua kichwa. Nimekwenda kupiga nyingine, nikarudi kwenye mkia wa foleni, nyuma ya watu arobaini na mmoja. Nimewahesabu kwa hasira. Leseni yangu nimeipata saa kumi. Yeye alikuwa nayo tangu saa nne, akakaa kunisubiri, tena akaninunulia maji. Dharau hiyo!

Jumamosi, 15 Juni
Mwalimu wa udereva tunamwita Mwalimu Breki, kwa sababu ana breki yake mwenyewe upande wa abiria. Leo kaikanyaga mara kumi na moja nikiwa nimeshika usukani. Mdogo wangu alipoendesha, mara moja tu, na hiyo ni kwa sababu ya mbuzi. Upendeleo mtupu.

Ijumaa, 21 Juni
Mtihani wa mezani. Unapewa kigari cha plastiki, unakisukuma kwenye ubao uliochorwa barabara na mizunguko. Changu kimeangusha cha mtahini. Nimemwambia yeye ndiye aliyeniingilia. Nimepita kwa alama moja. Mdogo wangu kapata zote, halafu anathubutu kunipongeza!

Jumatano, 26 Juni
Kesho ni mtihani wa barabarani. Yeye wa kwanza, mimi wa pili. Akipita, yamekwisha, nitabeba viti hadi nizeeke. Nimewaza mpaka kichwa kimeuma, kisha nikapata! Gari la wanafunzi lisilo na vibandiko vya herufi L, mbele na nyuma, halitahiniwi. Anayelileta hivyo mbele ya mtahini hurudishwa nyumbani mwezi mzima. Basi nitavibandua kabla ya zamu yake, na zamu yangu ikifika nitasema nimeviokota. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Alhamisi, 27 Juni
Nina hasira hata kalamu imetoboa karatasi. Nilivibandua mapema, nikavificha mgongoni, ndani ya shati. Hakuna aliyeniona. Mara Mwalimu Breki akatangaza kwamba nitaanza mimi. Nani alimwomba? Mdogo wangu! Alimwambia kaka halali kwa wasiwasi, afadhali amalize mapema. Nikakataa, nikasema wanawake kwanza. Mwalimu akaniambia nisione haya.

Mtahini alikuwa keshafika, daftari mkononi. Akaniamuru nikague tairi. Nikainama. Shati likapanda. L moja ilikuwa imegandia katikati ya mgongo. Mtahini akauliza, kwa upole kabisa, kama leo anatahini gari au ananitahini mimi. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nirudi baada ya mwezi! Mwalimu Breki akakibandua kile cha mgongoni kwa mkono wake, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Cha pili kilikuwa kimekunjamana kwa jasho, mdogo wangu akakinyoosha pajani mwake. Wakavirudisha garini. Akaendesha. Akapita.

Mama kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Baba kapapasa mfuko wake, katoa funguo, kampa yeye mbele yangu. Hilo limeniuma kuliko kicheko cha uwanja mzima.

Jumapili, 30 Juni
Nimebeba viti mia mbili. Mabega yanawaka moto. Mdogo wangu kasema kila jioni atanifundisha kurudi nyuma, mwezi si mbali. Nani kamwomba huruma? Sitaki! Nimelifikiria kosa langu kwa utulivu na sasa nimelijua: sikutumia maandishi. Kwa hiyo leo nimeiandikia ofisi ya leseni barua ndefu, kwamba dereva mpya wa pikapu ya viti hajui lolote na anyang'anywe leseni mara moja. Jina sikuweka, mimi si mjinga. Nimesaini tu "Kaka Yake Mwenye Uchungu". Bahasha nimeifunga kwa gundi mara mbili. Ofisi ni mbali na mimi sina usafiri, lakini mdogo wangu atapita huko kesho na meza. Nimempa aipeleke.