Maombolezo ya Shemasi Pomeroy, Aliye Hai

Jumatatu, 10 Juni 1867

Mnara wa askari umefika! Umelazwa nyasini mbele ya kanisa, majina kumi na tisa. La nne kutoka chini ni Silas Thaxter, mdogo wangu, aliyeuawa vitani Virginia. Utazinduliwa tarehe nne Julai, na lazima shairi lisomwe. Nitalisoma mimi. Si kwa sifa. Haya, kwa sifa kidogo. Lakini nani mwingine anajua kwamba Silas alipiga mluzi akienda kukamua ng'ombe?

Kikwazo: Shemasi Asahel Pomeroy, mkuu wa kamati, anataka lisomwe na mjane Mehitable Crane, jirani yetu wa mbele. Mama huyo, katika mashairi yake, kila maiti humfanya ua la yungiyungi. Hata mhunzi wetu, mtu wa ratili mia tatu. Yungiyungi!

Habari njema: Shemasi ana miaka themanini na moja, na kifua kimembana wiki ya tatu sasa. Maombolezo yake ninayo tayari kwenye droo, pamoja na ya watu wengine kumi na mmoja walio hai. Akienda, wanakamati wawili waliobaki watayasoma gazetini, watalia, watanichagua. Dada yangu Keziah amesema nina roho ya tai mzoga. Kisha akaninyima pai ya matunda.

Jumatano, 12 Juni

Kengele ya kanisa! Nilikuwa bustanini nikirekebisha mstari wa kwanza, "Lala, Shemasi mpole", nikihesabu mizani kwa vidole. Mapigo tisa: aliyekufa ni mwanamume. Kisha pigo moja kwa kila mwaka wa marehemu. Nikaendelea na vidole vilevile. Themanini na moja kamili!

Nilikimbia na slipa miguuni hadi gazetini. Mhariri, Bwana Tuttle, aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia kengele haisemi uongo. Akapanga herufi huku akipangusa jicho. Ubeti wa tatu ndio uliomchoma, ule wa Shemasi akigawa matufaha kwa maskini.

Ijumaa, 14 Juni

Limetoka. Ukurasa wa kwanza, mstari mweusi pembeni. Nimenunua nakala sita.

Saa nne asubuhi Keziah amerudi kutoka dukani, uso mwekundu kwa kicheko. Aliyekufa ni Obadiah Fitch wa kinu cha kusagia unga. Miaka sabini na mitatu. Nikamwambia haiwezekani, nilihesabu mwenyewe. Akaniuliza nilihesabu na nini. Nikatazama vidole vyangu.

Nane zilikuwa mizani zangu.

Jumapili, 16 Juni

Sikutaka kwenda kanisani. Keziah alinivuta kwa mkono wa koti. Katikati ya mahubiri mlango ukafunguka: Shemasi Pomeroy, kajifunga blanketi, gazeti mkononi! Mama mmoja kiti cha nyuma alizimia.

Hakumtazama mchungaji. Alinitazama mimi. Akasema kwa sauti iliyotikisa vioo: "Lemuel Thaxter, bwana we, kunizika nakusamehe. Lakini mimi sijawahi kumpa mtu tufaha hata moja, na tangu juzi nina ombaomba saba mlangoni!"

Kanisa zima lilicheka. Mchungaji alijificha nyuma ya Biblia.

Jumanne, 18 Juni

Kamati imekaa. Shairi kapewa Bi. Crane. Shemasi amesema mtu asiyeweza kuhesabu wafu asipewe wafu kumi na tisa kwa mkupuo. Wale wawili wakaitikia.

Nilimtumia Bi. Crane barua ya pongezi yenye sumu ya kutosha kuua farasi. Kajibu kwa mtungi wa jamu. Jamu yenyewe tamu, inaudhi.

Alhamisi, 4 Julai

Nilikaa nyuma, nimekunja mikono, tayari kuhesabu mayungiyungi. Bi. Crane alisimama mbele ya mnara na kofia yake mbaya. Ubeti wa kwanza, hakuna ua. Wa pili, hakuna. Alimpa kila kijana mstari wake mmoja. Alipofika wa nne kutoka chini, alisema kila alfajiri mluzi ulipita kwenye uzio wake ukielekea zizini, na kwamba miaka mitatu sasa bado anaamka saa ileile kuusikiliza.

Nililia. Naandika wazi kwa kuwa Keziah aliniona na atamwambia kila mtu. Nililia mpaka Shemasi akanipa kitambaa chake, kisha akakidai hapohapo.

Baadaye nilimpa Bi. Crane mkono. Nikamwambia lilikuwa shairi zuri. Akasema, "Ulikuwa mluzi mzuri, baba." Nimeapa mbele ya jina la Silas: droo ile naichoma moto kesho.

Jumanne, 9 Julai

Droo sijaichoma. Kuni zina unyevu.

Kengele! Mapigo sita: mwanamke. Nikahesabu, kwa makini safari hii, kidole kwa kidole. Hamsini na tisa! Na nani hapa kijijini ana miaka hamsini na tisa? Bi. Mehitable Crane! Maskini mama wa watu. Moyo umeniuma kweli. Kabla kengele haijanyamaza nilikuwa nimeshapata mstari wa kwanza, "Lala, yungiyungi letu", mizani nane kamili, nimezipima palepale.

Keziah anapiga kelele jikoni, ati nichungulie dirishani, dohani kwa Bi. Crane panatoka moshi. Moshi si ushahidi. Slipa zangu ziko wapi? Bwana Tuttle anafunga ukurasa saa sita.