Malalamiko Juu ya Sikio la Mashua ya Papa Ferdinand

Goma, Jumatatu baada ya salongo

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi ya Mambo ya Ziwa,
kwa mkono wa mlinzi wake wa mlangoni

Bwana Mkuu,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, umekaa kwenye kiti chenye mto. Mimi nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya bidoni tupu ya kuchotea maji, hapahapa mwaloni, kwa sababu nikifika nyumbani hasira itapoa, na sitaki ipoe kabla haijafika kwako.

Naitwa Mukantwari Julienne, mjane, mwenyekiti wa akina mama wanaochota maji na kufua kwenye mwalo wetu. Cheo hiki sikukiomba. Nilipewa kwa sababu ya sauti yangu, ambayo wenzangu wanasema inafika ng'ambo ya ziwa. Leo nimeamua kuitumia kwa kalamu.

Nalalamikia mashua ya Papa Ferdinand, mfanyabiashara wa maharagwe, na hasa kitu kilichobandikwa ubavuni mwake. Mwanawe Lionel, aliyekwenda Ulaya kusoma akarudi na mchezo, ana jina la kigeni la kitu hicho, jina ambalo huwezi kulitamka bila kuonyesha meno yote. Sisi tunakiita sikio, maana kimejibana ubavuni kama sikio lilivyo kichwani.

Nikueleze kazi yake, maana najua ofisini kwako ziwa linaonekana kwenye kalenda tu. Mashua ikienda, maji hupasuka pande mbili, kisha hukutana nyuma yake yakagombana, ikawa povu tupu. Ukibandika sikio upande wa kulia, maji ya upande huo huchelewa, na wimbi la kushoto hubaki peke yake, refu na laini, kama kitanda kilichotandikwa vizuri. Hapo mtu mzima mwenye akili zake husimama juu ya ubao, huitupa kamba iliyokuwa ikimvuta, akabaki anateleza juu ya wimbi nyuma ya mashua bila kushika kitu. Havui samaki. Habebi abiria. Anarudi palepale alipotoka, amelowa, na anapongezwa.

Kwa hayo, malalamiko yangu ni haya:

1. Sikio la kwanza lilikuwa la dukani. Lilipitia mpaka wa Gisenyi ndani ya katoni, limefungwa vitambaa kama mtoto mchanga, plastiki nyeusi yenye vikombe vya mpira vya kunyonya. Siku ya kwanza tu lilibanduka. Papa Ferdinand akasimamisha wavuvi wa sambaza, dagaa wetu wa ziwani, waliokuwa wakirudi wamechoka, akawaomba walitafute. Lilionekana mara ya mwisho likielea kuelekea kisiwa cha Idjwi, bila karatasi yoyote. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: watu wale walikuwa na samaki wa kuuza kabla jua halijapanda, nao wakageuzwa kuwa watafuta plastiki.

2. Badala ya kuona aibu, akamwendea Mulumeoderhwa, seremala wetu wa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili tunayobebea mizigo, akamwagiza sikio la kienyeji. Seremala akachukua ubao wa eukaliptasi uliokuwa uwe kanyagio la chukudu ya mama Bénédicte, akauchonga mpindo kidogo, akauwekea vikombe vya mpira. Vikombe gani? Vile vya kuzibulia choo, Bwana Mkuu. Ndani ya maji tunayokunywa! Papa Ferdinand aliapa kwamba ni vipya. Sikubisha. Niliuliza tu kwa nini kimoja kilikuwa na mpini uliokatwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sikio hilo la choo linashinda lile la dukani. Halibanduki, na wimbi lake ni refu zaidi. Sasa Mulumeoderhwa anatembea kifua mbele kama aliyeumba ziwa, na chukudu ya Bénédicte bado imelala bila kanyagio, na bidoni zetu tunazibeba mgongoni.

3. Ili wimbi linenepe, mashua lazima ielemewe nyuma, upande wa kushoto. Kwanza walipakia magunia ya maharagwe ya Masisi. Maharagwe yakalowa, yakavimba, yakaanza kuota, na nasikia yaliuzwa hivyohivyo. Halafu wakapakia bidoni zilizojaa maji. Fikiria hilo taratibu, Bwana Mkuu. Sisi tunapanga foleni alfajiri ili tutoe maji ziwani. Yeye anayatoa maji ziwani, anayaweka ndani ya mashua, anayatembeza ziwani, kisha anayamwaga ziwani.

4. Salongo. Unajua kwamba Jumamosi asubuhi kila mtu wa mji huu anashika fagio au jembe, na maduka yanafungwa. Sisi tunafagia mwalo, tunakusanya chupa na mifuko, tunapanga lundo zuri. Kisha mashua inapita, wimbi linapanda mawe, linalichukua lundo lote na kulirudisha majini. Tukapanga tena. Ikapita tena. Shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, alipomuuliza Papa Ferdinand kwa nini hashiriki salongo, alijibu kwamba yeye anaifanyia majini. Shefu akacheka. Mimi nilikuwa na fagio mkononi, na namshukuru Mungu aliyenizuia.

5. Hili ndilo la matanga, na hapa sitanii.

Siku ya kwanza walipotoka na magunia, hakuna aliyetuambia kwamba mashua inainamishwa kwa makusudi. Tuliona tu mashua imelala upande mmoja katikati ya maji, na watu wamekaa kimya ndani yake. Kwenye mwalo huu hakuna asiyejua maana yake. Akina mama walipiga yowe. Mitumbwi ilitoka bila kungoja mtu wa pili wa kupiga kasia, lakini mashua ikawa imekwisha kupotea machoni. Katekista alianza rozari. Watu wakakimbilia nyumbani kwa Papa Ferdinand, wakafunga turubai, viti vikaletwa, mke wake akakalishwa mkekani akiwa amefunikwa kitenge, na chai ilikuwa imeshachemka. Saa sita Papa Ferdinand akaingia uani kwake na miguu yake miwili, amelowa, akauliza nani amekufa.

Mji mzima ulicheka, na bado unacheka. Mimi sikucheka. Mume wangu Paulin alitoka Minova kwa mashua siku ya soko, na walioona kutoka ufukweni walisema mashua ililala kwanza upande mmoja, polepole, kama mtu anayetafuta usingizi. Ziwa halikumrudisha. Sina kaburi la kufagia. Kwa hiyo anayeilaza mashua kwa kujifurahisha mbele ya macho yangu, asiniambie kwamba ni mchezo.

6. Maharagwe yalipokwisha kuota na bidoni zilipokwisha kupasuka, walikuja kututafuta sisi. Papa Ferdinand mwenyewe, kofia mkononi, alisimama mbele ya akina mama wanaofua akasema: «Mama Julienne, usikasirike. Tunaomba tu batu ya uzito, bakae nyuma, ku mukono wa kushoto.» Alieleza kwamba gunia halisikii ukiliambia lisogee, lakini mama anasikia. Nilimjibu: «Papa, mi siko gunia.» Na nikaongeza mengine, ambayo siwezi kuyaandika kwa ofisi ya serikali. Mwenzangu Bénédicte, mwanamke mwenye wajukuu na kadi ya Legio Maria, alikubali! Anapanda Jumamosi kwa Jumamosi, amevaa kitenge cha misa, anaambiwa «songa, mama», anasonga. Namwombea.

7. Mtu anayesimama juu ya wimbi hilo ni mwanangu Samy.

Lionel mwenyewe hawezi. Anaanguka kama embe bivu. Akaomba kijana anayejua maji, wakamwonyesha wangu. Samy alikuwa mwimbishaji wa mitumbwi ya sambaza. Ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu haiendi bila wimbo, na wimbo ulikuwa wake, alifundishwa na baba yake. Tangu baba yake azame, aliacha mtumbwi, akaacha wimbo, akawa analala akiangalia ukuta. Nilimwambia hata achote maji tu, akakataa kukanyaga mawe ya mwalo. Nilivumilia. Nilisema moyoni, heri aukasirikie ukuta, ukuta hauzamishi mtu.

Na leo ndiye huyo. Namkanya, ananijibu kwa upole: «Mama, propela iko chini ya tumbo ya mashua, haiwezi kunifikia. Na ile wimbi, inanibeba yenyewe.» Inambeba! Baba yake alizama akiwa amekaa, ndani ya mashua. Yeye anataka kusimama, nje ya mashua. Sikio la kufa halisikii dawa, na mwanangu ana masikio mawili ya namna hiyo, ukiacha lile la Mulumeoderhwa. Mashua inapotoka, mimi nageuza mgongo nauangalia mlima, kwa sababu mlima wetu hata ukitema moto huwa unatangulia kutoa moshi.

8. Mwisho, gesi. Wataalamu walikuja hadi shuleni kutueleza kwamba ziwa hili lina gesi tumboni. Je, mgonjwa wa tumbo hutikiswa? Hutekenywa ubavuni kwa vikombe vya choo? Nyuma yetu kuna moto, mbele yetu kuna gesi, chini yetu kuna mawe yaliyokuwa moto juzijuzi, na katikati ya hayo yote amepatikana mtu aliyeona kwamba kinachokosekana Goma ni mawimbi.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima zote:

Kwamba sikio hilo likamatwe, na lipigiliwe misumari kwenye mlango wa ofisi yako, liwe fundisho kwa mashua zote.

Kwamba mawimbi yote yapigwe marufuku, isipokuwa yale ya Mungu, na hayo nayo yasitoke siku ya salongo.

Kwamba Papa Ferdinand apewe fagio, na mpiga picha awepo.

Kwamba Mulumeoderhwa aagizwe kurudisha kanyagio la chukudu.

Na kwamba Samy aandikiwe barua rasmi, yenye muhuri mkubwa, ya kumkataza kusimama juu ya maji. Barua ya mama haina muhuri, Bwana Mkuu. Nimeshasema, nimeshalia, nimeshaficha viatu vyake, mpaka nikakumbuka kwamba mchezo wenyewe unachezwa miguu mitupu. Nina mtoto mmoja tu aliyebaki nyumbani. Ziwa limeshakula kwangu mara moja, na mimi sijaliita tena mezani.

Msalimie mama wa nyumbani kwako na watoto wote. Msalimie karani anayeandika kwa vidole viwili, na mlinzi wako aliyenifukuza mara ya kwanza, mwambie simchukii, ana kazi yake. Wasalimie wote wanaofanya kazi mbali na maji.

Mimi mwenye malalamiko, nisiyechoka,

Mukantwari Julienne
Mwenyekiti wa akina mama wa mwalo

N.B. Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, nikaona nisikupe nusu ya habari, usije ukamtuma askari siku mbaya. Siku yoyote anaweza kuja, lakini si Jumamosi. Jumamosi nina kazi.

Juzi Bénédicte alishikwa na malaria, na nafasi yake ya nyuma kushoto ikabaki wazi. Wimbi likawa fupi. Nilikuwa nimegeukia mlima kama kawaida yangu, nikasikia watu wakisema ameanguka, kisha ameanguka tena. Nikageuka. Nikaona kichwa cha Samy kinaingia majini, kinatoka, kinaingia. Sikuweza, Bwana Mkuu. Niliacha nguo za watu kwenye mawe na povu lake, nikapanda mashua ya Papa Ferdinand na rozari mkononi, nikakaa pale nilipokataa kukaa. Waliniambia «songa, mama», nikasonga.

Wimbi likainuka. Kutoka kiti kile hadi kwenye ubao si mbali, ni kama kutoka jikoni kwangu hadi mlangoni. Niliuona uso wake. Alikuwa ameiachia kamba, na alikuwa anaimba, ule wimbo wa makasia, wa baba yake, kwa sauti niliyodhani imezama Minova pamoja na mwenyewe. Nikamwitikia. Ndiyo maana leo sauti yangu imekauka na nimelazimika kuandika.

Basi kuhusu lile sikio, lisipigiliwe mlangoni kwako kwanza. Kikombe kimoja kimelegea, nimempelekea Mulumeoderhwa akikaze. Ukionana na Papa Ferdinand mwambie aweke mto kwenye kiti kile cha nyuma, maana ubao wake unaumiza. Mengine yote niliyoandika nayasimamia, hasa lile la fagio. Lakini Jumamosi nitakuwa pale kushoto. Bila mimi wimbi linapungua, na mtoto anaanguka.