Kamati ya Pazia la Macho

Kwa furaha kubwa, Idara yetu inautangazia umma kwamba ule usemi wa kale, macho hayana pazia, umefutwa rasmi. Kuanzia sasa macho yana pazia. Limeshonwa na kamati, na katibu wake ni mimi.

Chanzo ni kompyuta yetu. Tunayo moja, chumba cha katikati, na kila aliyeiwasha aliona kila kitu. Tarishi aliweza kufungua hotuba. Dada wa mapokezi aliweza kufungua faili la mwananchi na kumjibu siku hiyohiyo, bila haya. Mkurugenzi alipopata habari alishika kichwa.

"Yaani mtu yeyote anaona?"

"Anaona, mzee," nikamwambia. "Na akishaona, anafanya kazi."

"Balaa gani hili!"

Akaitwa Fundi, binti mwenye begi mgongoni na ulimi usiojua vyeo. Akamfungulia kila mtumishi akaunti yake, na kila akaunti ikapimiwa mafaili kwa kadiri ya cheo. Dada wa mapokezi alipata saa na kikokotoo. Tarishi alipata saa. Ili wasijione wametupwa, Mkurugenzi aliagiza picha yake ijaze kioo cha kila akaunti, akitabasamu.

Ufanisi ulionekana papo hapo. Alipokuja mzee mmoja kufuatilia barua yake, dada alimwambia, "Baba, wewe nakuona. Faili lako silioni." Mzee wa watu akaenda zake. Foleni ikaisha. Kamati ikajipigia makofi.

Ikabaki diski D. Humo Mkurugenzi alikuwa ameficha ombi lake la kuongezewa muda kazini. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Ijumaa, na ombi lilitakiwa wizarani kabla ya saa sita mchana. Wa kufichwa hasa alikuwa Naibu wake, ambaye pia ni shemeji yake, na ambaye siku hizo alikuwa akikipima kile kiti kwa macho.

"Diski D, zuia wote," Mkurugenzi akaagiza.

Fundi akaacha kubofya. "Wote wote, mzee?"

"Wewe binti, nimesema Kichina? Wote!"

"Na wewe je?"

Kikao kikaona aibu kwa niaba yake.

"Mimi si wote," Mkurugenzi akamfundisha taratibu. "Mimi ni Mkurugenzi."

Hoja ikapigiwa kura na kupita bila kupingwa. Fundi akabofya. Kompyuta haikuwa imealikwa kikaoni.

Ilibaki akaunti kuu, ile inayofungua zote. Kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, neno lake la siri tuliligawa: Mkurugenzi aliandika nusu, Naibu akaandika nusu, na sisi wengine tukatazama ukutani. Naibu alikubali mzigo huo kwa unyenyekevu mkubwa.

Ijumaa asubuhi Mkurugenzi akaingia kuchapisha ombi lake. Kompyuta ikamwandikia: Huna ruhusa. Wasiliana na mkuu wako.

"Mkuu wangu humu ni nani?" akauliza. Hatukuwa na ruhusa ya kujibu.

Nikashauri aliandike upya. Akaunti yake haikuwa na programu ya kuandikia, maana tulishaamua kwamba mkubwa haandiki, huandikiwa. Mchapaji naye alikatazwa kuona barua za Mkurugenzi. Nikataja kalamu. Akanikumbusha waraka wake mwenyewe unaopiga marufuku barua za mkono, kwa kuwa mwandiko husomwa na yeyote mwenye macho. Tukamwita Naibu.

"Shemeji, lete nusu yako."

"Nusu ipi, shemeji?"

"Ya neno la siri! Usinichezee."

"Ahaa. Ngoja... Ilianza na herufi yenye mkia."

"Herufi gani yenye mkia?"

"Ndiyo shida, shemeji. Zipo kadhaa."

"Nitamwambia dada yako!"

"Mpigie. Ni yeye aliyenituma nihakikishe unapumzika."

Mkurugenzi akakaa chini. Jasho likamshuka mpaka kwenye tai. Sisi wajumbe tukatazama ukutani, kwa mazoea.

Saa sita ikapita. Kumbukumbu ya Naibu ikarudi nzima, na mkia wake.

Jumatatu tulimpokea Mkurugenzi mpya, Naibu wa juzi, kwa hotuba ileile ya zamani, tukabadilisha jina tu. Aliisifu kamati na kuagiza pazia liongezwe unene. Siku chache baadaye mzee, yule Mkurugenzi wa zamani, akaja kufuatilia barua yake ya kustaafu. Kamati haina ubaguzi: tulimfungulia akaunti ya mgeni. Akaifungua kwa heshima. Ikamtolea saa, na picha yake mwenyewe. Bosi mpya hajaibadilisha. Anasema haina haraka, wanaoiona ni watu wa chini.

Mzee akageuka, akaenda dirisha la mapokezi, akainama.

"Mwanangu, hebu nitazamie. Barua yangu imefikia wapi?"

Dada akamkazia macho kwa upole, akafuata utaratibu.

"Baba, wewe nakuona," akasema.

Nyuma yake, kwenye kioo cha kompyuta, mzee alikuwa bado anatabasamu.