Hai Ndiyo Kabisa

Jumatatu, 3 Machi 2008

X nyekundu ukutani! Nimetoka kuoga nikamkuta mtu wa kaunti anapaka rangi tukul yangu, nyumba ya udongo na nyasi. Ninayopanga, kusema kweli. Barabara mpya ya Juba itapita hapa Hai Malakal, kasema, na mimi nihame kabla ya mwezi kwisha. Sikumlilia. Nilimwambia tu X yake imepinda. Akairekebisha.

Ningekuwa peke yangu ningelala stoo ya saruji, huko Sherikat ninakofanya kazi. Lakini Akon, mke wangu, anakuja kabla ya Pasaka na watoto watatu. Baada ya fujo za uchaguzi za Januari hataki tena kukaa Eldoret. Na mimi kwenye simu nimekuwa nikimwambia tuna nyumba. Ya mabati. Yenye kibaraza. Sijui hicho kibaraza kilinitoka vipi mdomoni.

Baraza la payam, yaani tarafa yetu, linagawa viwanja kwa sisi tuliorudi nyumbani. Kura ni Ijumaa. Jirani yangu Reath keshajiandikisha. Alikaa Khartoum kabla ya Nairobi, basi Kiarabu kinammwagika tu. Ananitazama kwa huruma. Huruma ya Reath inawasha kuliko upele.

Jumanne, 4 Machi

Nina mpango! Wenye wazazi wazee wanatangulizwa. Mama yangu alishafariki, Mungu amrehemu, kwa hiyo nimemwazima Mama Nakato anayeuza chapati soko la Malakia. Nilimfundisha njia nzima. Wewe ni mama yangu. Umetoka kwetu Bor. Umechoka, huongei.

Romano, karani wa payam, alimsalimia tu. Habari ya mama, basi.

"Mimi iko Muganda ya Masaka," akajibu Mama Nakato. "Hii kijana mimi najua yeye tangu jana."

Reath alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Romano hakucheka. Kaniambia nirudi kesho, bila mama yeyote.

Jumatano, 5 Machi

Fomu nimejaza. Imepigwa taipu kwa Kiarabu cha Juba, herufi zetu za kawaida. Reath akajitia kunisaidia. Nikamwambia asante, nina miezi saba Juba, sihitaji mkalimani. Isim: jina, hilo hata mtoto analijua. Nafar kam: watu wangapi. Watano.

Halafu swali la tatu. Hai?

Swali la ajabu kumuuliza mtu aliyesimama mbele yako. Lakini nikaelewa. Bila shaka kuna watu wanaoandikisha marehemu wao ili wapate viwanja zaidi. Nikaandika kwa herufi kubwa: NDIYO KABISA. Nikamkazia Romano macho na kupumua kwa sauti, ashuhudie mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

NIMESHINDA!

Uwanja wa payam ulifurika. Mwenyekiti wa baraza alisoma uamuzi: kila mtaa utapata viwanja sita, hakuna upendeleo. Wakaanza na Hai Malakal. Watu mia nne na kumi na wawili, debe moja. Wakaitwa mmoja mmoja kuchomoa karatasi. Reath akachomoa tupu. Mimi sikuitwa kabisa. Jina langu halikuwemo! Nikawafikiria watoto watatu ndani ya basi, na kibaraza.

Mitaa mingine ikapita yote. Mwisho mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hai Ndiyo Kabisa, akasoma. Mkazi mmoja: Aleer. Mimi! Nikatia mkono kwenye debe. Karatasi sita, zote zina namba. Ningekosa vipi?

Reath akapaza sauti kwamba mtaa huo haupo duniani. Kwamba hai kwa Kiarabu ni mtaa, na huyu bwana ameulizwa anakaa mtaa gani, akajibu kwamba hajafa. Watu wakavunjika mbavu. Mwenyekiti hakupenda kuchekewa orodha yake.

"Muhuri iko," akasema. "Kama hii hai haikuwa, basi leo iko."

Kumbe hai ni mtaa! Miezi saba nilidhani Hai Malakal ni jina la shukrani, kwamba mji wa Malakal ulipona vita. Reath nilimwambia nilipanga yote tangu mwanzo. Kufika jioni na mimi nilikuwa nimeshaamini.

Kuna sharti moja dogo. Usipoezeka mabati kabla ya Aprili mosi, baraza linachukua kiwanja chake.

Alhamisi, 13 Machi

Reath amekuja. Na soda mbili! Viwanja vitano vya mtaa wangu bado havina watu, na baraza linataka barua ya mwakilishi wa mtaa. Mwakilishi ni mimi. Uchaguzi ulifanyika Jumatatu, nikajipigia kura, nikapita bila kupingwa. Nilimfanya Reath alitamke jina la mtaa mara tatu, taratibu, ndipo nikamwandikia barua. Sasa ni jirani yangu tena. Raha ya ushindi haidumu.

Nimeomba kisima pia. Kila mtaa una haki ya kisima kimoja. Kimepitishwa! Nani aliwahi kuwafanyia wakazi wake makubwa hivi ndani ya wiki moja?

Jumamosi, 22 Machi

Akon alifika Jumatano. Alikuta kuta za udongo na anga. Akauliza mabati yako wapi. Nikasema yako njiani. Na kibaraza? Njiani pia. Hakunigombeza. Alitandika godoro chini ya turubai, akawalaza watoto, akawafunika kwa leso yake. Niliona aibu. Afadhali angenipigia kelele.

Zimebaki siku tisa. Mawingu upande wa mto.

Jumatatu, 24 Machi

Akon ametoka kanisani na fomu. Mama mmoja Mkenya anayeitwa Jedidah, wa akina mama wa kanisa, ana mabati ya msaada, na baraza limempa orodha ya mitaa mipya. Akon alikuwa anakandika ukuta, mikono yote udongo, kwa hiyo nimemjazia mimi. Fomu ya Kiswahili safi! Raha tupu.

Swali la nne: Mume yuko hai?

Hapa ndipo wajinga wananaswa. Mimi nishaumwa mara moja. Wanataka kujua kama mume anashinda mtaani au la. Mtu mkweli hujibu kweli. Nikaandika: Hapana. Yuko Sherikat.

Jumapili, 30 Machi

TUMEEZEKA! Mabati thelathini, mapya, yanang'aa mpaka macho yanauma. Yaliletwa Ijumaa nikiwa kazini. Hakuna mwingine katika mitaa mipya aliyepewa zaidi ya kumi. Jana Reath alinisaidia kupigilia misumari, na jioni Romano akapita na muhuri. Kiwanja ni chetu. Yamebaki mabati manne. Ya kibaraza! Akon amecheka, mara ya kwanza tangu aje, nami nimefurahi mpaka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yangu.

Anasema Jedidah alikuja na akina mama sita. Walimshika mikono muda mrefu. Walimuuliza niliondoka lini, naye akasema alfajiri, ghafla tu, hata chai sikumaliza. Wakaimba wimbo wa polepole. Wengine walilia. Sikujua napendwa hivi na watu ambao hawajaniona.

Reath aliomba kuona nakala ya fomu. Aliisoma, akashika ukuta wangu mbichi, akaacha alama za vidole vitano. Wivu. Nimemwambia aje nimfundishe lugha.

Kesho akina mama wanakwenda Sherikat na Akon, awaonyeshe mahali nilipo. Wanakuja na mchungaji na shada la maua! Nani mwingine Juba amewahi kuletewa shada kazini? Nimeagiza stoo ifagiliwe. Nitavaa suti yangu nyeusi, nisimame mlangoni, niwapokee mwenyewe.