Barua ya Kumchafua Nesi

Godoro la Nesi lilikuwa limeshapanda kwenye pikapu, na mtungi wa gesi ukifuata, ndipo redio ya Presha ilipotuambia kwa nini anaondoka.

Sisi hukaa kwenye benchi la Presha, fundi viatu, ng'ambo ya geti la zahanati. Majina yetu tumepewa na kadi za kliniki. Presha ana presha. Sukari, mwalimu mstaafu, ana sukari. Pumu ni seremala. Vumbi la mbao ndilo linalomlisha na ndilo linalomkaba. Mimi wananiita Kadi Tisa, maana nimehama miji tisa na kila mji umeniandikia kadi mpya kwa moyo uleule.

Mtangazaji alisema zahanati yetu imeshika namba moja kwa kuwaridhisha wagonjwa wa maradhi ya kudumu. Asilimia tisini na tisa. Kwa heshima hiyo, muuguzi wake anahamishiwa hospitali kubwa akawafundishe wenzake upole.

Nyundo ya Presha ikabaki hewani. "Upole? Hao wamekosea zahanati."

Hakuwa anatia chumvi. Nesi wetu ukifika kwake unahema, anakuuliza umefukuzwa na nani. Jumatatu alimnusa Sukari mdomo mbele ya foleni nzima, akatangaza na aina ya keki. Presha akinyunyiza chumvi kwenye yai lake hapa benchini, dirisha la ng'ambo hufunguka na sauti hutoka: "Naiona hiyo."

Basi tukaanza kuulizana ni nani aliyeridhika, na ikabidi kila mtu akiri. Mwezi uliopita tuligawiwa fomu yenye nyuso tano, kuanzia anayelia mpaka anayecheka meno yote nje, tutie alama.

"Mimi nilijua wanauliza hali yangu," Pumu akasema. "Ukitia alama kwa anayelia si unaongezewa vidonge? Nikamtia anayecheka, nikatoka mbio."

"Mbio gani wewe?" Presha akamkatiza. "Ngazi tatu tu unaomba maji."

Presha mwenyewe alitia alama zote tano, kwa kuwa siku hazifanani. Sukari alisema yeye ni mtu wa shule, maelezo aliyaelewa vizuri sana, ila Nesi alikuwa amesimama pembeni na sindano, na sindano haikuwa imeingia bado.

Mimi nilimchagua anayecheka nikiwa namaanisha. Sikuwaambia. Katika kadi tisa, Nesi huyu ni wa kwanza kunifuata mpaka nyumbani nilipokosa kliniki. Alinifuata na matusi njia nzima, lakini alinifuata.

"Kwa hiyo tumemsifia mpaka wanamchukua," Sukari akasema.

Pumu akauliza, na huyo atakayekuja, je, kama ni mpole kweli? Tukamwona huyo mtu mbele ya macho yetu. Atamuuliza Sukari kwa adabu kama amekula keki, Sukari atasema hapana, na itaandikwa hapana.

"Nitakufa kwa heshima," Sukari akasema, akatoa kalamu yake nyekundu.

Tukakubaliana tumchafue Nesi kwa barua. Bwana mkubwa wa afya aliyekuja na pikapu alikuwa bado ndani anasaini makaratasi. Akisoma malalamiko, hatamchukua. Pumu alitaka tuandike kwamba Nesi anapiga wagonjwa. Sukari akakataa, akasema uongo utatufunga, tuandike ukweli mtupu. Ukweli ukafika kurasa mbili. Anawanusa watu. Anawatukana wazee kwa majina ya utotoni. Amemkimbiza Kadi Tisa barabarani, kipimo cha presha mkononi, mbele ya wakwe zake.

Presha aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Jamani, mbona huyu mtu ni mbaya hivi? Si tumwache tu aende?"

Tukamtuma yeye akaitumbukize kwenye sanduku la maoni. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba ufunguo wa sanduku anao Nesi, na kwamba anayehama hukabidhi vitu. Presha hajakaa vizuri, tukamwona Nesi ukumbini analifungua sanduku mbele ya bwana mkubwa. Lilikuwa na barua moja tu tangu lipigwe misumari ukutani. Aliisoma palepale. Kisha akavuka barabara nayo.

Wote tukainamia viatu vya watu. Pumu akajaribu kupiga mluzi, sijui kwa pumzi ipi.

"Kalamu nyekundu," Nesi akasema. "Mwalimu."

"Shikamoo," Sukari akamjibu, naye amemzidi miaka ishirini.

Akatuuliza kama tunajua barua hii itamfanya nini. Wenzangu wakanisukuma kwa viwiko, ikabidi niseme mimi.

"Tunajua, mwanangu. Ndiyo maana tumeiandika."

Alilitazama godoro lake kule juu ya pikapu kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono kwa Sukari apewe kalamu.

"Mmesahau ya Alhamisi," akasema. Akaongeza kwa mkono wake kwamba Alhamisi alimfungia Presha kwenye chumba cha vidonda mpaka akameza vidonge, kisha yeye mwenyewe akampelekea bwana mkubwa barua.

Uhamisho ulifutwa. Godoro lilishushwa mchana uleule, lina doa la grisi hadi leo. Nesi alipelekwa wiki mbili kwenye semina ya lugha nzuri, akarudi na cheti, akatuita wateja wapendwa kwa siku tisa. Kipimo cha Sukari kikapanda hadi kumi na nane. Siku ya kumi Nesi alimnusa tena. Pumu ameacha mbao, anauza vioo. Presha anakula yai bila chumvi, analalamika. Mwaka uliofuata wote tulitia alama kwa anayelia, na zahanati ikashika mkia. Mimi bado natumia kadi ya tisa. Imejaa, wameigundishia karatasi.