Vitone Vyekundu Migongoni

Jumatatu, 5 Mei

Hatari! Kikundi cha mtaa wa pili kimetualika kwenye mashindano ya kadi. Wanataka wachezaji watatu. Sisi tuko wanne. Kinyozi, ambaye huwa tunachezea saluni kwake, kasema tupimane wenyewe Jumamosi. Atakayeshika mkia atakuwa mtunza vifaa: abebe chupa ya chai na aandike pointi za wenzake. Wote wakanitazama mimi.

Kwa nini mimi? Mimi ndiye mwanzilishi! Kadi ya kwanza kuingia saluni ile ilitoka mfukoni mwangu. Bila mimi wangekuwa wanabishana habari za mpira mpaka leo.

Shemeji ndiye aliyecheka zaidi. Kaka wa mke wangu huyu, fundi saa, ana macho ya kuokota skrubu usiyoiona hata ukionyeshwa. Akaniuliza kama ile chupa ya chai nimeipatia mkanda wa begani. Nikacheka nao. Iliniuma vibaya.

Jumanne, 6 Mei

Nimekaa dukani nikitoa fotokopi za watu na kuwaza. Nimegundua tatizo langu. Si akili. Ni kwamba sijui kadi ipi inafuata!

Kila mchezaji ana rundo la kadi arobaini. Anashika tano mkononi, anavuta moja moja, anamtoa Shujaa apigane na Shujaa wa mwenzake. Ngao inakinga. Mtego unaulaza mezani kifudifudi, mwenzako akijiingiza kichwa kichwa, kwisha habari yake. Sasa, kama ningejua kilichopo juu ya rundo kabla sijavuta, nani angeniweza?

Jibu limenijia saa tisa alasiri, katikati ya cheti cha kuzaliwa cha mtu. Alama mgongoni! Kitone kimoja, Shujaa. Viwili, Mtego. Ngao hakuna kitu. Cheti kimetoka kimepinda, mwenyewe kagomba, sikumsikia.

Jumatano, 7 Mei

Nimetumia rangi ya kucha ya mke wangu. Nyekundu, inakauka haraka. Kadi arobaini, mkono haukutetemeka hata kidogo.

Mke wangu kaikuta chupa imefika nusu. Akauliza imekwenda wapi. Nikasema nimeziba ufa wa radio. Akaniangalia vidole, akaiangalia radio, akampigia kaka yake simu. Wamecheka muda mrefu sana. Mambo ya ndugu hayo, sikuingilia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimewawahi kabla ya kulaumiwa. Nimewaonyesha kadi zangu na kusema ni urembo tu. Mwalimu, ambaye ndiye mtunza sheria zetu na hufundisha hesabu, kaisoma karatasi ya sheria juu mpaka chini. Hakuna kifungu kinachokataza urembo. Kinyozi kakubali. Shemeji kakubali kabla sijamaliza sentensi, tena kanisifia mkono wangu mtulivu. Sikutegemea. Huenda nilimhukumu vibaya.

Mazoezi na Mwalimu: nimefungwa. Kila kadi niliyovuta niliijua kabla. Mfumo unafanya kazi! Kufungwa ni jambo jingine.

Ijumaa, 9 Mei

Sikucheza. Nimeupumzisha mkono. Nimemwambia mke wangu kesho ataniona mtu mpya. Akasema wa zamani hajammaliza bado.

Jumamosi, 10 Mei

Mechi tatu. Nimefungwa tatu.

Naandika nilivyoona. Nikishika Shujaa mkubwa, wenzangu wanatoa Ngao kabla sijamgusa. Nikilaza Mtego, hakuna anayesogea. Shemeji aliegemea kiti, akanywa chai, akasema leo hana haraka. Nikishika Ngao tupu, ananivamia bila hata kufikiri. Nilizikumbatia kadi kifuani asichungulie. Nilihakikisha anaona migongo tu! Bado alicheza kama aliyesomewa mkono wangu kwa sauti. Uchawi sisemi, lakini uungwana pia sisemi.

Mwalimu kanikabidhi chupa ya chai. Kinyozi katafuta kwenye droo, kanipa mkanda. Kumbe walikuwa nao tayari. Nilitoka kama nakwenda kupunga hewa, nikasimama nyuma ya saluni. Miaka minne. Mimi ndiye niliyewafundisha hata kuzishika kadi.

Kinyozi kanifuata, kanihurumia. Akaniuliza, pole pole, mtu akishika kadi zake, migongo inamtazama nani. Nikamjibu kadi haina macho. Akasubiri. Mimi pia nikasubiri. Akaja mteja wa ndevu, mazungumzo yakaishia hapo.

Jumapili, 11 Mei

Sikutoka. Mke wangu kaniambia hata mtunza vifaa ni mtu wa timu. Kasema hivyo bila kucheka, nami nikapata moyo.

Jioni Mwalimu kaleta marundo yao yote matatu, kadi mia na ishirini, nizivishe vifuko vipya vya plastiki kwa ajili ya mashindano ya Jumatano. Wameniamini! Nimekaa nikafikiri kwa makini kilichoniangusha jana. Nimekipata. Rangi moja haitoshi. Ngao zilibaki bila alama, ndipo nilipovurugwa.

Jumanne, 13 Mei

Kazi imekwisha. Mashujaa wao wote kitone chekundu, Mitego buluu, Ngao kijani, kila kifuko kwa nyuma, palipo wazi kabisa. Mke wangu kanunuliwa chupa tatu mpya za rangi ya kucha, hajui atabakiwa na ngapi. Wenzangu sijawaambia. Watashtukia mezani, na hapo ndipo watakapojua nani aliyeanzisha kikundi hiki.

Ila sitaki tutiwe doa la udanganyifu. Nimechapa dukani maelezo ya kila rangi, safi, yenye mistari, nikayapeleka mwenyewe kwa wenyeji wetu wayasome kabla ya mechi. Nahodha wao kayasoma mara mbili. Kanishika mkono kwa mikono yote miwili, kanipa kiti, kaniuliza kama kila mwezi tunaweza kuja.